Distribyuta ya Pikapu ya Mikate

Mafundi watatu waliikataa pikapu ya Mama Pacha. Wa kwanza alifungua boneti, akatafuta mahali pa kuchomeka kompyuta yake, akapakosa, akashusha boneti taratibu kama anayefunika marehemu. Wa pili na wa tatu walisema neno moja: distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, imekufa, na anayejua kufunga nyingine na kupiga taimingi ya cheche kwenye injini ya zamani namna hii amebaki mmoja tu mjini. Wote wawili walimtaja mtu yuleyule. Alikuwa Baba Pacha, mtalaka wake.

Mama Pacha alikuwa mwokaji, na mikate haijui mambo ya talaka. Akanunua distribyuta mpya, akatafuta gari la kuivuta pikapu, akafika gereji asubuhi.

"Hodi."

"Karibu, Mama Pacha. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Hawajui kama nimekuja huku."

Waliachana bila ugomvi, mwaka wa nne sasa. Tatizo lilikuwa kwamba katika miaka kumi na tisa ya ndoa Baba Pacha hakukosea hata siku moja. Akipotea njia, barabara imehamishwa. Akisahau jambo, hakuambiwa. Mwishowe Mama Pacha alichoka kuishi na mtu asiye na kosa.

Baba Pacha alichomoa distribyuta mbovu, akaizungusha injini kwa spana mpaka alama ya puli ikakaa kwenye sifuri, akachomeka mpya, rota ikielekea waya wa plagi ya kwanza. Dakika ishirini, hajatoka jasho.

"Washa."

Injini ilikohoa, ikatema moto kwenye kabureta, ikanyamaza.

"Petroli yako ina maji."

"Ni ileile ya kila siku."

"Basi betri." Akaipima. Betri ilikuwa nzima. "Unawasha vibaya."

"Ufunguo unazunguka upande mmoja tu, Baba Pacha."

Alifungua plagi ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaizungusha injini polepole hadi kwenye alama. Kidole hakikusukumwa na hewa. Pistoni hupanda mara mbili, mara moja kubana hewa, mara moja kutoa moshi, na cheche inatakiwa pale inapobana. Yeye alikuwa ameifunga kwenye moshi. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nimekosea," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimekosea."

"Sikusikii vizuri, injini inanguruma."

Baba Pacha aliitazama injini, ambayo ilikuwa imezima, kisha akamtazama mtalaka wake ndani ya pikapu.

"Nimesema nimekosea. Nimeifunga kinyume."

Mama Pacha alishika usukani kwa mikono miwili, gari likiwa limesimama. Alikuwa ameyasubiri maneno hayo kwa miaka mingi, na sasa hakujua ayaweke wapi.

Baba Pacha aliizungusha injini duru moja zaidi, akaichomoa distribyuta, akageuza rota nusu, akairudisha. Safari hii iliwaka mara moja. Alilegeza nati akaanza kuizungusha distribyuta kidogo kidogo. Huku, injini ikagonga. Kule, ikawa nzito. Siku zote kazi hii aliifanya kwa masikio yake mwenyewe.

"Wewe unaisikiaje?" aliuliza. "Wewe ndiye unayeiendesha."

Mama Pacha alisikiliza.

"Rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Akakaza nati.

"Mwezi ujao ilete, nyaya za plagi zikaguliwe," alisema, akifuta mikono ambayo ilishakuwa safi. "Naona kama zimechoka."

"Nitaangalia nafasi."

Mikate ilifika madukani saa tano, na kila mwenye duka alilalamika. Mama Pacha aliwaomba radhi wote, mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata aliipeleka pikapu. Baba Pacha alizikagua nyaya zote, akasema ni nzima, kwamba yeye ndiye aliyeona vibaya. Kisha akabandika maji ya chai.