Yago la Nambari Tisa

Nyundo FC ilikuwa timu ya Migori, na Migori nzima iliona haya kuitaja mbele ya wageni. Mtu wa Migori akifika Homa Bay akaulizwa anashabikia nani, alikohoa kwanza, kisha akauliza bei ya samaki. Timu ilipoingia ligi ya taifa walichinja ng'ombe, wakacheza mpaka viatu vikapotea. Halafu ikaanza kufungwa. Ilifungwa ugenini, ikafungwa nyumbani, ikafungwa na timu ambazo mabasi yao yaliharibika njiani wakafika wamekunja migongo. Ilifungwa kwa bidii, kama watu walioandikwa kazi hiyo. Kuna Jumamosi mvua ilivunja mechi kabla ya nusu, na kesho yake mashabiki wakatoa shukrani kanisani.

Kilichowafanya watu waendelee kwenda uwanjani si mpira. Ni Milka.

Milka alikuwa mjane mwenye hoteli ya chai na chapati nyuma ya soko. Walimwita Min Dorine, yaani mama Dorine, kwa jina la binti yake aliyeolewa Awendo. Mambo ya mpira hakuyajua. Otea kwake ilikuwa "ile ya bendera". Lakini alikuwa na mdomo, na sauti ya kuubeba. Alikaa nyuma ya goli na sinia lake la mandazi, na Osoro, golikipa, alipoachia la kwanza, Milka alimwita taratibu kama mama mkwe.

"Osoro baba, hiyo mpira si bibi ya mtu. Shika tu, hakuna mtu atakuuliza."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Waliporudi nyumbani walikuwa wamepigwa nne bila, lakini walikuwa na kitu cha kusimulia. Milka alijua hivyo, na alikipenda kile kimya kidogo kilichokuja baada ya kila goli, vichwa vyote vikimgeukia vikingoja. Alikipenda kuliko alivyopenda mandazi yake mwenyewe, na hilo si jambo dogo, maana alikuwa mnene.

Mwaka ule Nyundo ilipata mshambuliaji mpya, kijana wa Homa Bay aliyeitwa Cliff. Alivaa tisa. Mama yake, Edith, alikuwa mchuuzi wa samaki, na akichelewa Migori alilala kwa Milka, wakashiriki blanketi na umbea. Siku alipomleta kijana alisimama mlangoni mwa hoteli amemshika mkono kana kwamba ni wa darasa la kwanza, ilhali kijana alikuwa amemzidi kimo kwa kichwa kizima.

"Nyamera," akamwambia Milka, yaani dada yangu, "mimi sina mwingine wa kiume. Baba yake unajua alikoenda. Huyu nakuachia."

Milka alijua alikoenda. Mume wa Edith aliingia ziwani na wenzake, upepo ukageuka, mashua ikaokotwa upande wa pili bila watu. Walimtafuta mpaka wakachoka kutafuta. Basi wazee wakafanya kama inavyofanywa kwa Mjaluo ambaye mwili wake haukuonekana: wakaenda kukata yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kama soseji la majitu, wakalifunga shuka, wakalililia, wakalizika kando ya nyumba kwa jina lake. Milka alikuwa huko. Yeye ndiye aliyesonga ugali wa waombolezaji, na Edith alipotaka kujitupa kaburini, mikono ya Milka ndiyo iliyomshika kiuno.

Kwa hiyo alimtunza kijana. Alimpa chapati za juu, zile za moto, na kila baada ya mechi alimfulia jezi, akaianika kwenye waya nyuma ya jiko. Cliff alikuwa na adabu na miguu mirefu, lakini ndani ya boksi alipotea. Mpira ulipita kulia, yeye yuko kushoto. Ulipokuja kushoto, alikuwa ameanguka.

Wakafungwa tena, na tena, na ile Jumamosi ya kuzidi yote walifungwa sita na timu ya mkiani, ambayo ilikuwa juu ya Nyundo tu. Kesho yake mashabiki walikuja hotelini wakiwa kimya. Maroa, seremala, Mkuria mrefu aliyekuwa akipiga ngoma uwanjani, aliweka ngoma chini akasema yeye amechoka, afadhali timu izikwe tujue tumefiwa.

"Tuizike basi," akasema mtu.

"Na tutazika nini? Timu haina mwili."

"Mgomba," akasema Maroa. "Nimesikia kuna watu wanazika mgomba."

Milka alikuwa anageuza chapati. Utani ukamjia hivihivi, umeiva, hauhitaji hata kupulizwa. "Mgomba ni wa watu wengine," akasema bila kugeuka. "Kwetu, mtu asipoonekana, anazikwa yago. Sasa niambieni, nambari tisa ameonekana tangu ligi ianze?"

Kilikuja kile kimya kidogo, kisha hoteli ikapasuka. Watu walipiga meza. Mmoja alitoka nje akacheke vizuri. Na kicheko kilikuwa kitamu mno, maana kilikuwa cha watu waliotaka kulia, hivi kwamba hakuna aliyekumbuka kuuliza kama ni mzaha wa kufanya au wa kusema tu. Maroa alishaenda kupigilia kisanduku. Kijana mmoja akatumwa yago kule mtoni. Wakakosa cha kulifunga. Milka akaenda nyuma ya jiko, akaanua jezi ya tisa kwenye waya.

Ilikuwa bado na unyevu kidogo. Baadaye, kila alipokumbuka, alikumbuka ule unyevu vidoleni.

Walilizika nyuma ya goli kabla jua halijazama, na umati wa soko zima. Milka ndiye aliyelia kilio, mikono kichwani, akimtaja marehemu kwa sifa zake: mwana wa kupiga nje, mume wa mwamba wa goli, aliyekwenda kutafuta mpira asirudi. Watu walishika mbavu. Kwenye ukingo wa umati, Cliff mwenyewe alisimama amevaa shati la shule ya zamani. Alikuwa anacheka pia. Mdomo wake ulicheka.

Jioni alikuja kula. Alikula nusu, akakunja chapati iliyobaki akairudisha sahanini.

"Mama, jezi yangu imekauka?"

"Bado, baba," Milka akasema, na akajishughulisha na makaa.

Habari ikasafiri. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, Gisiri, aliisimulia sokoni Oyugis akicheka mpaka machozi. Waliomsikia wakaisimulia mbele bila kucheka sana. Na ilipofika Homa Bay, ufukweni pale samaki wanapopokewa, kicheko kilikuwa kimeshadondoka chote njiani. Kilichobaki ni maneno matupu: Cliff wa Edith amezikwa yago huko Migori.

Milka alisikia nduru kabla ya kuona mtu. Nduru ya Mjaluo hukosei. Inaanzia juu na inakuja na miguu yake. Akafuta mikono, akatoka mlangoni akijiuliza soko limefiwa na nani. Halafu akawaona wanawake wanakuja mbio, na wa mbele yao ni Edith, leso kiunoni, kichwa wazi, kiatu kimoja. Nywele alikuwa amenyoa kama mfiwa. Alikuwa ameshanyoa.

Edith alimfikia akamshika mabega, na uzito wake wote ukaja juu ya Milka.

"Nyamera, nilikuachia mtoto. Amepotelea maji gani? Mto Migori hata sio ziwa. Mmemtafuta kweli? Mlimtafuta siku ngapi mpaka mkachoka?"

Mdomo ule, ule uliokuwa na neno kwa Osoro na kwa refa na kwa waziri akipita, ulifunguka ukabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Milka akatikisa kichwa tu. Edith akaona amethibitishiwa, akajitupa chini. Na mikono ya Milka ikaenda yenyewe kumshika kiuno, mahali palepale ilipowahi kumshika, na ndipo mwili wake ukajua kile ambacho kichwa kilikuwa kinakijua siku zote na mdomo haukukiuliza.

Maroa ndiye aliyekimbia uwanjani kumtoa Cliff mazoezini. Kijana alikuja na jasho, akasimama mbele ya mama yake hajui aweke wapi mikono.

"Mama, niko."

Edith alimtazama kutoka chini. Hakuruka. Alianza miguuni, akashika soksi, akashika goti, akapanda polepole kama mtu anayekagua kitambaa, mpaka akafika usoni. Akaweka kiganja pale. Wale wanawake wa Homa Bay wakanyamaza mmoja mmoja.

Kisha Edith akajipangusa, akafunga leso upya.

"Nani alisema yago?"

Watu wa Migori, ambao siku ile walikuwa umati, sasa walikuwa kila mmoja peke yake na jambo la kuangalia chini. Maroa alijikaza. "Mama, tulikuwa sisi wote. Ilikuwa ni utani wa mpira. Mimi ni Mkuria, haya mambo ya yago sikuyajua uzito."

"Wewe hukujua," Edith akasema. "Nauliza aliyejua."

Milka angeweza kukaa nyuma ya mgongo wa Maroa, ulikuwa mgongo mpana. Alitoka.

"Ni mimi, Min Cliff."

Hakumwita nyamera. Neno lenyewe lilikataa.

Edith akamgeukia. "Wewe ulisonga ugali wangu siku ile," akasema, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. "Ulinishika."

"Nilikushika."

"Kafukue."

Wakaenda uwanjani, Milka mbele na jembe, soko zima nyuma. Udongo ulikuwa haujashikana. Alilima, na kila alipoinama alisikia nyuma yake kile kimya chake alichokipenda, vichwa vyote vikimwelekea, na safari hii hakikuwa kinangoja kitu kutoka kwake. Kisanduku kikatoka. Akaifungua jezi. Yago lilikuwa zima, limetulia, kama ndilo pekee lililokuwa halijafanya kosa.

"Sasa linapelekwa wapi?" akanong'ona mwanamke mmoja.

Hakuna aliyejua. Yago huzikwa, hakuna aliyewahi kusikia limefukuliwa. Wazee wawili wakatazamana, na Milka akahisi mzaha unampanda kooni, mzuri kabisa, wa marehemu aliyekataliwa hata na udongo. Akaumeza. Ulishuka kama mwiba wa samaki mbuta.

Mwishowe Edith akalichukua mwenyewe, akalikumbatia, akashuka nalo mpaka mtoni akalisukuma majini. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu na hakusema alichosema huko.

Alikaa Migori mpaka Jumamosi kwa sababu Cliff alimwomba aone mechi moja. Alilala kwa Milka, maana hakuwa na kwingine, lakini alilala kwenye mkeka, blanketi lake mwenyewe. Umbea haukuwepo. Asubuhi walisalimiana kama watu wa benchi moja hospitalini.

Uwanjani walikaa pamoja nyuma ya goli. Jezi ya tisa ilikuwa imefuliwa na Milka usiku kucha, sabuni mpaka vidole vikachubuka, lakini chini ya nambari kulibaki alama nyekundu ya udongo. Nyundo ilifungwa moja, ikafungwa la pili. Halafu muujiza: Cliff akabaki peke yake na goli, kipa wa wageni amelala chini, mpira umetulia mguuni kama paka.

Akapiga juu. Juu kabisa, ukaenda soko la mbuzi.

Kimya kikaja. Vichwa vyote vikamgeukia Milka, kwa mazoea tu, hawakukusudia ubaya. Na mdomo wake ulikuwa na kichekesho. Kilikuwa kinene, kimeiva, pengine bora kuliko vyote. Alihisi Edith pembeni yake amekaa wima, kichwa kile kilichonyolewa kinang'aa juani, nywele ambazo zingechukua mwaka kurudi.

"Sema," Edith akasema bila kumgeukia. "Naona kimekujaa."

"Sina kitu."

"Unacho."

Milka akachukua andazi kwenye sinia akalitia mdomoni zima. Vichwa vikangoja kidogo, kisha kimoja kimoja vikarudi uwanjani, na Migori ikafungwa la tatu bila cha kusimulia.

Filimbi ilipolia, Cliff alikuja moja kwa moja kwao, akavua jezi. Milka akanyoosha mkono kama kila Jumamosi. Kijana akauona ule mkono, akampita, akampa mama yake.

Edith aliikunjua magotini. Aliiona ile alama chini ya nambari, akaisugua na kidole gumba, ikakataa. Akaikunja tena.

"Mimi kesho naenda Homa Bay," akasema, kwa yeyote. "Sitafua nikiwa kwa gari."

Akaiweka mapajani mwa Milka bila kumtazama. Ilikuwa imelowa jasho, nzito. Milka aliishika kwa mikono miwili, akaificha chini ya leso watu wasione, na hakuinuka mpaka uwanja ulipokuwa mtupu.