Ndege wa Jessie Mair

Katikati ya jina MAIR hapana herufi. Pana nafasi tupu tu, kati ya A na I, na hapo ndipo Dod alipopiga alama yake ya chaki, akaegemeza mkono juu ya kijiti, akavuta pumzi na kuishika. Pumzi ilipotulia, mkono nao ukatulia. Hivyo ndivyo alivyopaka majina ya mashua za Portlennie tangu ujanani, wakati bandari ingali na mashua za kupakwa majina. Siku hizi zilizobaki unaweza kuzifunika kwa turubai moja, na nani kaziua? Wenye kalamu. Walikaa mjini, wakaamua nani avue na samaki kiasi gani, kisha wakaenda kula chakula chao cha mchana.

Ubao ulining'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti, ndani ya banda ambamo zamani wanawake walitia samaki chumvi. Kichwa cha maandishi, lile jina MAIR, alikiacha mwisho makusudi. Maneno ya chini alikwisha kuyapaka, kama alivyopewa na Bwana Innes, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mtu mpole aliyehamia Portlennie baada ya kustaafu benki. Kesho ubao ungetundikwa ukumbini, maana akina Mair wa Kanada walikuwa wanakuja kuona walikotoka wazee wao.

Maneno yalisema kwamba jina Mair limetokana na neno la kale la Kigaeli, maor, yaani mtu aliyetumwa na mkubwa wake kupeleka amri na kudai kodi. Dod alipolisoma mara ya kwanza alicheka peke yake mpaka akakohoa. Kumbe. Maisha yake yote anawalaani wenye amri, na jina lenyewe lilikuwa la tarishi wao.

Chini ya hapo walifuata Mair mashuhuri: jenerali aliyepigana India, jaji wa Edinburgh, tajiri wa meli wa Aberdeen, profesa aliyeandika habari za mwani, waziri wa Kanada. Wote wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunuka samaki.

Ukiita "Mair!" pale gatini, nusu ya kijiji inageuka, na mbwa wao. Ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la kando, linalorithiwa kama rangi ya macho: kina Dosie, kina Shavie, kina Lintie. Dod ni wa kina Dosie. Mkewe, Jessie, alizaliwa Mair na kuolewa na Mair, ila alibaki Lintie, kwa kuwa kwetu mwanamke haachi jina la kwao hata kaburini. Lintie ni ndege mdogo wa vichakani, mwimbaji. Babu yake Jessie alikuwa akiimba akivuta nyavu.

Jessie alilala makaburini kule juu tangu majira ya baridi yaliyopita, bila jiwe la kaburi. Ofisi ya makaburi ilisema jiwe hubeba jina la vyeti tu, majina ya utani hayaruhusiwi. Dod naye akasema jiwe lenye "Jessie Mair" peke yake hataliweka. Wako Jessie Mair wangapi pale? Akipeleka maua ampelekee yupi? Bwana Innes akamwambia, wewe tupakie ubao, mimi nitazungumza nao. Wiki nzima Dod alipaka majenerali na majaji kwa ajili ya neno moja, Lintie.

Alasiri Bwana Innes akaja. Alisimama mbele ya ubao, akasifu herufi, akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na uchafu.

"Nimezungumza nao, Dod."

Dod aliendelea na mguu wa R.

"Hawakubali. Wanasema ni kwa heshima ya marehemu."

"Marehemu ndiye Lintie."

"Najua. Lakini kanuni ni kanuni, bwana. Ila picha wanaruhusu. Nanga, ua, chochote chenye adabu." Akaweka miwani machoni na kuondoka taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Dod aliumaliza mguu wa R, kwa sababu herufi haiachwi njiani. Kisha akakaa juu ya pipa. Kopo la rangi lilikuwa wazi miguuni pake. Angeweza kuumwagia ubao wote. Kilichomzuia si adabu. Ni Jessie, ambaye hakuweza kuona kazi safi ikichafuliwa, hata ya adui.

Alikuwa bado amekaa hivyo Jessie Mair mwingine alipoingia, yule wa kina Shavie, na chupa ya chai na mikate bapa ya siagi kwenye kitambaa. Hakuwa amefika karibu na Dod tangu mazishi, na Dod hakuwa amemwita. Wote wawili walijua kwa nini. Hospitali ya mjini ilipouona uvimbe kwenye picha za Lintie, walipiga simu kumwita haraka, lakini simu ililia ng'ambo ya barabara, kwa Shavie. Kwenye mashine yao Jessie Mair wa Portlennie alikuwa mmoja. Lintie akakaa akingoja simu isiyokuja, akidhani kimya ni habari njema. Alipoanza kutapika, uvimbe ulikuwa umekwisha kutembea mwilini.

"Mkono wako haujaharibika," alisema Shavie.

"Mkono hauna habari."

Akakaa kwenye pipa la pili, akausoma ubao mpaka chini. "Sioni Shavie hata mmoja hapa."

"Wala Dosie. Ulitaka kuwa jenerali?"

"Ningewaweza."

Dod nusura acheke. Mama huyu alipokuwa msimamizi wa wakata samaki, wanaume wazima walizima sigara wakimwona. Alimimina chai kwenye mfuniko wa chupa.

"Niliwaambia, Dod. Kwenye simu ileile. Nikasema, si mimi, mnamtaka Lintie. Yule binti wa hospitali akaniuliza, Lintie ndiyo nini?"

Nje shakwe walikuwa wanagombania kitu.

"Akasema watarekebisha. Nikaona, wakishaambiwa, wameambiwa."

"Barabara ile ina upana gani, Jessie, hata usiivuke?"

Lilikuwa jina hilohilo. Hakuwa amemwita mtu kwa jina hilo tangu mazishi, na sasa limemtoka na ukali wote, likamwendea asiye wake. Shavie aliinamisha kichwa. Dod, aliyekuwa ameyaandaa maneno mengine mengi kwa miezi, aliyatafuta asiyaone. Akachukua mkate, akaumega, akampa nusu, wakala.

Baadaye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia, alimweleza jibu la ofisi: jina hapana, picha ndiyo. Nanga, ua, chochote chenye adabu.

Shavie aliacha kutafuna. "Kwani ndege hana adabu?"

Dod alimtazama.

"Wao wataona pambo," alisema Shavie. "Sisi tutasoma."

Lakini Dod hakuwahi kuchora kitu chenye uhai. Alizunguka nyuma ya ubao, upande utakaokaa ukutani, akajaribu hapo kwa rangi zilizobaki za mashua. Ndege wa kwanza alikuwa herufi S yenye miguu. Wa pili, Shavie akasema, huyo ni samaki aliyeota mdomo wa ndege. Wa tatu akamwita kuku wa mchungaji. Giza lilipoanza kuingia wakawasha taa, na ndege wakaongezeka juu ya mbao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimkaribia kidogo yule waliyemtaka. Wa mwisho alikaa sawa: kichwa kimeinuka, koo limejaa. Dod akamtia kifua chekundu.

"Mwenye kifua chekundu ni dume," alisema Shavie.

"Nani kakuambia?"

"Lintie mwenyewe. Tulikuwa wadogo, nikamchorea ndege mwekundu, hakusema nami wiki nzima."

Dod hakulijua hilo. Kuishi naye miaka yote ile, na hilo hakulijua. Akaifuta brashi kwa kitambaa.

"Hata kwa ndege," alisema, "rangi wamepewa madume."

Shavie ndiye aliyechanganya nyekundu na kijani kwa kidole chake mpaka ikatoka kahawia. Dod akakipaka kile kifua upya, tabaka nene, polepole. Kisha akanakili mistari ya ndege kwenye karatasi ya kufungia samaki, ya kumpelekea mchonga mawe, akaikunja na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Bwana Innes alihutubia, akamtaja jenerali, akamtaja jaji. Mama mmoja wa Kanada, mwenye koti la mvua la manjano, alimshika Dod mkono akamuuliza yeye ni Mair yupi.

"Dosie," alisema Dod.

Mama yule alidhani ni salamu ya huko, akamjibu, "Dosie," kwa furaha, akapita kwa mwingine.

Upande wa pili wa ukumbi Shavie alikuwa amesimama peke yake, kidole kimoja cha kahawia amekificha ndani ya kiganja. Vijana wawili waliunyanyua ubao. Watu wakaanza kupiga makofi kabla haujatua. Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa chokaa juzi kwa ajili ya wageni. Dod aligusa karatasi iliyokuwa kifuani pake, akasikiliza, na katikati ya makofi akausikia ubao ukigusa ukuta. Rangi ya kifua cha yule ndege wa mwisho, nyuma ya ubao, ilikuwa bado mbichi.