Palipokuwa na Kinu

Kazi yangu ni kuifundisha tovuti ya teksi ielewe watu wanataka kwenda wapi. Kuandika anwani? Thubutu! Wao wanaandika, "Nipeleke kwa shangazi, usipite njia ya mashimo." Mimi nayapaka rangi maneno yanayotaja mahali, pasipo na mahali naandika "hakuna". Macho yananiwasha, mgongo ndio usiseme. Nimechoka, jamani, hata kulalamika kwenyewe kumenichosha.

"Kilichobomolewa andikeni hakuna," bosi alituamuru. "Ramani haina kumbukumbu." Na watu wetu ndivyo wanavyoelekezana: pale palipokuwa na sinema, pale palipokuwa na posta. Nilibishana naye mpaka mate yakanikauka. Mwisho nikaufyata, mwenye nguvu mpishe.

Alasiri yakaingia maombi yaliyoishinda mashine siku hiyo. La kwanza: "Nyumbani kwa Mama Kidomo, nyuma ya kinu cha kusaga." La pili, lile lile. La tatu lile lile, ila limeongezwa "tafadhali".

Kidomo ni mimi. Nilibandikwa jina hilo utotoni kwa makelele yangu, na mama naye akaitwa kwa jina langu. Kinu kilibomolewa zamani, na nyumba yetu pamoja nacho. Siku hizi mama anaishi kwangu, na akili yake inakuja na kukatika kama umeme. Nikampigia simu, haikupokelewa. Nikampigia jirani niliyemwachia.

"Dada yangu, nilikuwa naanika nguo tu!" akalia. "Kugeuka, hayupo!"

Nikasimama.

"Maliza kwanza fungu lako," bosi akasema.

"Limalize mwenyewe!" Nikachukua mkoba.

Palipokuwa na kinu sasa pana kituo cha mafuta. Malori yanaingia kwa fujo, hayaangalii nani anavuka. Nikazunguka pampu zote, roho mkononi. Nikamkuta nyuma kabisa, amekaa juu ya tairi bovu, kandambili mguu mmoja, simu kaishika kwa mikono miwili. Nilitaka kumgombeza, nilitaka kumkumbatia, vyote vikanishinda.

Akaniangalia kwa adabu, vile anavyowaangalia wageni.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeandika weee, naambiwa hapapatikani. Wewe unapajua?"

"Napajua."

Akanishika mkono, akainuka kwa taabu.

"Basi twende upesi, binti. Kidomo wangu anatoka shule saa hizi. Akinikosa mlangoni, huyo! Kilio chake kinafika mtaa wa pili."

"Ameshaanza, mama," nikamwambia.