Mama Asiyetazama Kamera

Usiku wa jana niliota nimekaa benchi la mbele kwenye kibanda umiza, banda la video la mtaani, na DJ anatafsiri sinema ambayo ndani yake yumo mama yangu.

Sinema hiyo naijua. Wageni waliipiga kwenye soko la ndizi la Tukuyu kabla sijaanza shule. Mbele, steringi, yule shujaa wa sinema, na adui wanagombana. Nyuma yao mama anapita na kikapu kichwani, mikono yote miwili imekishika, anaingia kwenye ukungu, basi. Anaonekana mgongo tu. Aliyepiga picha ile aliijua kazi, maana jua limewekwa upande wa pili, na pindo lote la kanga ya mama linang'aa.

Mama ameshafariki. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba, na sura yake imeanza kunitoka. Kilichobaki ni kipande hicho, ninacho kwenye simu na nakitazama kila siku. Watu wengine hutazama steringi. Mimi hutazama wanaopita nyuma.

"Hapo sasa!" DJ anasema kwenye kipaza sauti. "Dada wa benchi la mbele anataka kumwona mama yake usoni. Anajikuna sikio."

Kweli najikuna sikio.

Naangalia chini, benchi halipo. Niko sokoni Tukuyu, baridi inauma, na kamera imekaa kwenye kigoda inakunywa chai. Miguu yake mitatu imeikunja vizuri, kama mtu aliyelelewa.

"Za asubuhi, dada."

"Nzuri. Naomba uende upande ule, nimwone mama uso."

"Hapana. Kuna mstari."

Mstari upo. Ni wa unga, umetoka kwenye kiatu cha steringi mpaka kwenye kiatu cha adui.

"Mimi niko huku," kamera inasema. "Nikivuka, kulia kunakuwa kushoto, na mtazamaji anapotea."

"Mtazamaji ni mimi, na nimepotea tangu msibani."

Kamera inapuliza chai. "Nyie wa siku hizi, simu zenu zinavuka mstari hovyo kama mbuzi. Sisi tulitumia mkanda. Tulisubiri jua lifike panapotakiwa, tukapiga mara moja. Mama yako alipita mara moja tu, dada. Alipita vizuri."

Nalia kidogo. DJ anawatangazia watu kwamba nalia kidogo.

Halafu navuka. Steringi aliyekuwa kulia anahamia kushoto. Kovu la adui linaruka kutoka shavu hili kwenda lile, na vibao vya maduka vinasomeka kinyumenyume. Adui anachomoa kisu na kumchoma steringi tumboni. Steringi anakitazama kisu, anaendelea kubishana.

"Steringi hafi!" DJ anasema, na kibanda kizima kinapiga makofi.

"Na wanaopita nyuma?" namuuliza.

DJ anafunika kipaza sauti kwa kiganja.

Mama yuko mbele yangu. Mgongo. Nazunguka kwa upande wa mikungu ya ndizi. Mgongo. Nazunguka kwa upande wa wauza mchele. Mgongo ule ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Subilaga. Umekula?"

"Nimekula. Geuka basi nikuone."

"Waliniambia nisitazame kamera."

"Mama, wale watu walishaondoka. Hata sinema yenyewe imeshazeeka."

"Nilikunywa soda yao, mwanangu. Siwezi kunywa soda ya mtu halafu nikamharibia kazi."

Huyo ndiye mama. Hata bakuli la jirani hakuwahi kulirudisha tupu.

"Lakini mimi si kamera."

"Si kamera? Kila siku unanitazama kwa hicho kisimu. Unanisimamisha, unanirudisha nyuma, unaniambia nipite tena. Shingo inaniuma kwa hiki kikapu. Kama wewe si kamera, kamera ni nani?"

Kumbe nimemkumbuka mpaka nimemchosha.

"Nisamehe, mama. Sura yako inanitoka, na nakuhitaji."

Ukungu unapita katikati yetu. Kwa mbali namsikia steringi akichomwa tena.

"Tulipokuwa tunavuka barabara pale stendi," mama anasema, "ulikuwa unanitazama usoni?"

"Hapana. Ulikuwa unatangulia. Mimi nilikuwa nimekushika mkono."

"Ulipotea?"

"Sikupotea."

"Haya." Anautoa mkono mmoja kwenye kikapu, anaupeleka nyuma, vidole wazi, kama alivyokuwa akifanya. "Njoo tuvuke."

Nakimbia. "Hapo sasa!" DJ anasema. "Mtoto anakimbia. Anakaribia, jamani. Bado kidogo. Bado kidogo tu..."

"Mkanda umeisha," inasema kamera.

Nimeamka kumekucha, simu iko chini ya mto, ina joto. Nimekifungua kile kipande kabla ya kunawa uso. Steringi na adui wanagombana, vibao vinasomeka sawasawa, ukungu upo. Mama anapita.

Kikapu amekishika kwa mkono mmoja. Ule mwingine uko nyuma ya mgongo, vidole wazi, kwenye kimo cha mtoto.

Sikukisimamisha. Sikukirudisha nyuma. Nimeilaza simu kifudifudi juu ya meza, ili mama akitaka kugeuka, ageuke.