Kifeni cha Akiba

…na hii bolti ya nne ndiyo mkaidi, tatu zimetoka bila matata lakini hii imeshikana na chumvi tangu mwaka jana, taratibu, taratibu Ioteba, ukiikata kichwa umekwisha, tia mafuta tena, gonga kidogo, subiri… na Kaitara ameketi mbele yangu kwenye mkeka, mguu wa mashine ya boti ameubana katikati ya magoti, mhimili umesimama mpaka kidevuni kwake, na anaongea, toka amefika anaongea, habari za nguruwe wa mama yake aliyetumbukia kwenye shimo la babai, magimbi yetu ya kinamasi, anakula mihogo ya sikukuu, aa, mihogo gani, babai, sijui akili yangu iko wapi leo, anakula babai la kulia sikukuu na hataki kutoka, wamemvuta kwa kamba hataki, wamemtishia kwa panga anawatazama tu, na mimi naitikia ehe, ehe, macho yangu kwenye bolti, lakini siwezi kuacha kukitazama kile kitu alichokiweka juu ya kofia ya mashine, ndani ya jani la mkadi kavu, kifeni cheusi cha mpira, mabawa sita, hakijai hata kiganja, kifeni changu… na nilikuwa nimejipanga, wiki tatu nimejipanga, usiku nimelala nikiyapanga maneno kama mtu anayepanga hotuba ya arusi, jana nikamtuma Teretia, mke wangu, nenda kamwambie kaka yako nina ombi, nina bubuti, na Teretia akanitazama jicho moja tu akaondoka bila kuuliza ni ombi gani, kwa sababu nani katika kisiwa hiki cha Maiana asiyejua, na bubuti haikataliwi, mtu akisimama mbele yako akasema nakuomba, unatoa, unatoa na unatabasamu, ukikataa utabaki na kitu chako lakini hutakuwa na pa kuuweka uso wako kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, kwa hiyo nilijua atatoa, nilichotaka mimi si kitoke tu, nilitaka kimtoke kwa mdomo wake, mbele yangu, polepole, ang'ang'anie kidogo, aone ilivyo… akaja asubuhi hii, akasalimia, akaweka lile jani juu ya mashine, akasema, "Najua unachotaka, shemeji. Nimekitoa kwenye mashine yangu alfajiri," akaketi, akaubana mguu wa mashine, akaanza habari za nguruwe, basi, amenipokonya hata kuomba.

Bolti, bolti, tulia… yeye aliomba kwa raha zake, yeye hakupokonywa na mtu, mwezi wa pili ule, binti yangu ametoka kukinunua Tarawa na kukileta kwa meli, kimo kwenye pakiti yake bado, hakijapigwa na mwanga, na mimi najua thamani ya kitu kile, ndicho kinachovuta maji ya bahari kuyapandisha juu kuipoza mashine, kikifa mashine inajipika yenyewe kama wali uliosahauliwa, nikakiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na plagi mbili na spana ndogo, nikasema hiki ni cha siku mbaya, na wiki ile ile kwenye maneaba, baada ya sala, watu hata hawajajinyoosha miguu, Kaitara akasimama, mashine yake imelala siku kumi, kifeni chake kimekatika mabawa, akasema mbele ya macho sitini, Ioteba nakuomba kile kifeni, na mimi nikatabasamu kwa meno yote, nikasema kichukue shemeji, na wazee wakaitikia vizuri, vizuri, na ndani yangu kitu kikakaa kama mwiba wa samaki, hakipandi hakishuki… halafu wiki tatu zilizopita, ng'ambo ya mwamba, ndege wamejaa juu ya jodari, mashine ikafa, nikageuka kutazama nyuma, ule mkojo mwembamba wa maji ambao mashine huutoa ubavuni ikiwa nzima haupo, nikasema pampu, na neno la pili nililolisema lilikuwa jina la Kaitara, wala sikulitaja kwa kumwombea dua… nikavuta kamba mara chache, ikakataa, nikasema imeungua, imekwisha, nikaiacha, upepo wa mashariki ukanichukua upande wa Nauru, minazi ya Maiana ikazama mmoja mmoja, siku nzima na usiku wake na siku ya pili, chupa moja ya maji, jodari mbichi niliyemlamba kwa ajili ya unyevu, nimejifunika turubai, nahesabu madhambi ya Kaitara, nilikuwa na nafasi ya kutosha, nilianzia utotoni… anasema nini? Ehe. Anauliza kama sisimizi wa kwetu siku hizi wanakunywa petroli, ehe, anacheka peke yake, anasema ndiyo maana watoto wanakuita abiria wa Nauru, shemeji, hata sisimizi wako wana safari, ehe, cheka tu… na siku ya pili, jua limeanza kushuka, nikasikia mlio, kwanza nikadhani ni masikio yangu, kisha nikamwona, amesimama, mkono kwenye usukani, na madumu ya petroli yote ya kijiji yamepangwa mbele, ya kuendea mchele na ya kubebea nazi na ya kanisa, kila mtu ametoa lake, ameufuata mkondo kwa hesabu ya kichwa tu, hesabu niliyomfundisha mimi, akanipasulia dafu, akanishika kisogo ninywe, na mimi nikanywa, nikageuza uso upande wa maji, sikusema asante… sikusema, nilichokuwa nafikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba kile kinachonguruma pale nyuma kinapozwa na kifeni changu, na Teretia usiku ule alinikanda mgongo kwa mafuta ya nazi huku analia, nikamweleza habari ya kifeni, akaacha kunikanda, akasema shukrani ya punda ni mateke, akageukia ukutani, na tangu siku hiyo chakula ananiwekea tu, haniambii karibu.

…imelegea, imelegea, loo, asante, mkono polepole sasa, inatoka, nyuzi zake nzima, sasa kopo la pampu lipande juu kwenye mhimili, shikilia hapo Kaitara, usiutikise, nalo linapanda, na ndani nitakuta mabawa yamepasuka, vipande vya mpira vimeungua vimegandia ukutani, nitamwonyesha tu, sitasema neno, nitaviweka kwenye mkeka mbele ya magoti yake kimoja kimoja… mbona… hapana. Futa chumvi. Futa vizuri. Kizima. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nakikunja kwa kidole gumba kinakunjika, naachia kinarudi, laini kama sikio la mtoto, hakina ufa, hakina alama ya moto, hakijaungua, hakijawahi kuungua. Kaitara anatazama upande wa maji, anawasha tumbaku yake, upepo unamzimia, anawasha tena, hajaona, kopo limekaa kati yetu, kiganja nimekifumba, naweza kusema kimekufa. Neno moja. Kimekufa, shemeji. Hatauliza nione, Kaitara si mtu wa kuuliza nione, atanyanyuka, ataniachia kile cha kwenye jani la mkadi na kwenda kumvuta nguruwe, na mimi nitakuwa na viwili, na mashine yake italala, na kijiji kizima mashine ni mbili tu, yangu na yake, na hakuna mtu Maiana nzima atakayejua isipokuwa mimi… lakini kama si pampu ni nini? Ilikufaje? Kumbuka Ioteba, acha kelele za moyoni, kumbuka masikio yalisikia nini… ilikohoa. Ilikohoa! Mashine inayokufa kwa joto haikohoi, inakuwa nzito, inanuka rangi, inakaza shingo na kusimama, inayokohoa ni yenye njaa ya petroli, inakohoa, inapandisha sauti mara moja kama mgonjwa anayetaka kuaga, inazima, hili nalijua miaka thelathini, nimemfundisha Kaitara huyu huyu akiwa hajaota ndevu, na ule mkojo wa maji, ala, mashine iliyozima itakojoaje, nilitazama nyuma ilipokwisha kufa, si kabla, ilipokwisha kufa, nikaona kile nilichokuwa nimekitafuta tangu mwezi wa pili. Hasira ndiyo iliyotazama, si mimi… na petroli nilikuwa nayo, dumu zima, dumu la njano lile lililoning'inia kwenye nguzo pale, lisilo na kifuniko…

Sisimizi. Alisema sisimizi wanakunywa petroli. Wamo. Mstari mzima unapanda kwenye nguzo, unazunguka kwenye mpini, unaingia mdomoni mwa dumu, na tangu lini sisimizi akafuata petroli, wanafuata kamaimai, asali ya tembo la mnazi, lile dumu lilikuwa la asali ya tembo ya mama mkwe, miaka mingapi anapika asali na kuimimina humo, na nani aliyelitoa jikoni kwake, si mimi, mimi na miguu yangu, nilikosa dumu nikaenda nikasimama mlangoni, mama, nakuomba lile dumu, bubuti, na bibi wa watu akatabasamu kwa ufizi, akamimina asali yake kwenye vyungu na mabakuli na kopo la maziwa, akanipa, nikalisuuza ufukweni mara moja kwa maji ya chumvi kwa sababu ya haraka, jioni ile ile nikatia petroli, na asali iliyokauka pembeni ikabanduka magamba magamba, ikaenda kwenye chujio, ikaenda kwenye kile kitundu cha kabureta kisichopita hata unywele, ikaziba… asali! Nimekufa maji kwa asali, au nusura. Na kwenye boti nilikuwa na bisibisi, nilikuwa na mshipi wa nailoni wa kuzibulia, kazi ya nusu saa, nimelala siku mbili nimejifunika turubai na dawa mkononi, nahesabu madhambi ya mtu mwingine, nyani haoni kundule, hakika haoni… ngoja, ngoja, tulia, liko lingine, hili ndilo kubwa, tuseme ningemkatalia. Tuseme mwezi wa pili ningesema mbele ya macho sitini hapana, ni cha siku mbaya. Kifeni kingekuwa kwenye mkebe wa biskuti, ndani ya boti, pamoja nami, ningekitia pale baharini, boti inayumba, ningevuta kamba, isingewaka, kwa sababu si pampu, ningevuta mpaka ngozi ya viganja ibaki kwenye kamba, na huku nyumbani mashine ya Kaitara imelala na kifeni kisicho na mabawa, na Teretia anapiga kelele ufukweni, na petroli za watu wote zimepangwa kwenye mchanga, na hakuna mashine ya kuzinywa. Hakuna ambaye angekuja. Ningekuwa mifupa karibu na Nauru, au hata mifupa isingeonekana. Kifeni cha siku mbaya kilikuwa pale hasa kilipotakiwa kuwa siku mbaya ilipokuja, hakikuwa kwangu, kilikuwa kwa Kaitara, na hakikufika huko kwa wema wangu, mimi wema sikuwa nao, kilifika kwa sababu nilionea haya macho sitini… asanteni macho sitini. Asanteni wazee mlioitikia vizuri, vizuri. Asante mama mkwe na ufizi wako, asali yako nimeipoteza na bado unaniletea samaki wa kukaanga, asante sisimizi, nyie ndio mafundi, mimi napiga nyundo tu, asante hata wewe mashine mzee, ulisema ukweli, ulikohoa waziwazi, asiyesikia ni mimi… na huyu hapa. Huyu mwenye magoti mekundu kwa kuubana mguu wa mashine yangu, huyu aliyeamka alfajiri akailaza mashine yake mwenyewe na familia ya watu wanane inakula kupitia mashine hiyo, hakuuliza, hakunisubiri niombe ili nisipate aibu ya kuomba, akanipasulia dafu, akanishika kisogo, nami nikageuza uso. Wiki tatu. Macho yananiwasha, chumvi hii ya mashine, si chumvi, acha uongo Ioteba, unalia, inama kidogo asione.

"Vipi, shemeji," anasema. "Kimekufa?"

Neno la uongo bado lipo, lingali laweza kupita… nafungua kiganja. "Kizima," namwambia, "dumu la mama yenu ndilo lililoniua, tazama sisimizi," naye anatazama dumu, anatazama kifeni kiganjani, anatazama kile cha kwenye jani, midomo imeanza kucheka lakini anaishika, anangoja, kwa sababu Teretia alimwambia nina ombi na ombi bado sijalisema, na mtu aliyeitwa kwa bubuti haondoki kabla haijasemwa, basi nalisema, sauti inatoka nene kama ya mtu mwingine, "Kaitara, nakuomba kile kifeni ukirudishe kwenye mashine yako, leo, kabla maji hayajajaa." Hawezi kukataa. Anajua hawezi, najua hawezi, anakichukua, anakikunjia jani lake polepole, anakitia mfuko wa shati, upande wa kushoto, anaukaza tena mguu wa mashine kwa magoti, anasema nifunge bolti haraka miguu imekufa ganzi na nguruwe anamngoja, nami nasema asante, si kwa bolti, naisema kwa sauti, asante kwa siku ile, naye anaitikia ehe, ehe, kama nilivyokuwa namwitikia mimi, anapuliza moshi, na bolti nne bado ziko kwenye mkeka, na maji bado hayajajaa, na nguruwe bado yuko shimoni.