Mtani Amechukua

Kosa la Zuleha lilikuwa kucheka.

Alikuwa ameketi mbele ya meza ya Nasibu, mwenye jimu, vidole amevifumbata mapajani kama mtoto anayesubiri sindano. Usaili ulikuwa haujaanza hasa. Nasibu aliangalia cheti chake cha chuo cha michezo, akaona kazaliwa Mlali, akapiga meza kwa furaha.

"Mlali? Mluguru wewe! Kumbe leo nimeletewa mtani. Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Hebu niambie, ni kweli huko kwenu mtu akilima anajifunga kamba kiunoni asiporomoke pamoja na maboga yake?"

Zuleha akacheka. Angefanyaje? Amekua akiwaona wajomba zake wakitukanwa msibani na Wanyamwezi, watani wao, nao wakirudisha, kisha wote wakila sinia moja. Mdomo ukamtangulia.

"Afadhali sisi wa kamba, bosi. Ninyi mlijitwika mizigo mpaka Bagamoyo, na hadi leo shingo hazijanyooka."

Nasibu akacheka mpaka akafuta macho. Basi, utani ulikuwa umekubaliwa, na ukishakubaliwa, mtu hana tena ruhusa ya kununa.

"Haya, tuje kwenye kazi. Hapa kwangu ni ukweli mtupu. Kule kwingine uliacha kwa nini?"

Asubuhi, wakipiga pasi blauzi, binamu yake Sabra alimfundisha jibu: sema ulitaka kukua kikazi, usiongeze neno. Lakini Zuleha akidanganya shingo humwasha. Akasema ilivyokuwa: mwenye jimu ile ya zamani alibandika tangazo kwamba kitambi huisha kwa wiki mbili, naye Zuleha kila mteja aliyemuuliza alimjibu kwamba hakiishi. Wakashindwana.

"Safi kabisa," Nasibu akaitikia kwa kichwa. "Msema kweli ndiye ninayemtafuta."

Zuleha akapata moyo. "Na mimi naweza kuuliza?"

"Uliza, mke wangu."

"Kocha aliyekuwepo hapa aliondoka kwa nini?"

"Hamza? Mluguru mwenzako yule. Aliona ghorofa akadhani mlima, akapanda, hajashuka mpaka leo."

"Na wateja, wanapimwa presha kabla hawajaanza mazoezi?"

"Ninyi mnaolala mawinguni presha mmeijulia wapi?"

"Nauliza kweli, bosi."

"Na mimi nauliza kweli. Wewe na hizo nyonga, mimba unabeba lini? Maana nikikuajiri leo, kesho unaniletea tumbo." Akamwona uso umebadilika. "Usinune bwana, utani tu!"

Moto ulimwanzia Zuleha masikioni, ukashuka kifuani. Aliombwa ukweli akaumwaga wote mezani, kama mtu anayekung'uta mkoba wake. Mwenzake, kila akiulizwa, anajificha nyuma ya kicheko. Na kicheko chenyewe hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa cha wajomba zake, cha misiba ya kwao, kitu kizuri walichorithi, leo kimegeuzwa pazia la mwongo. Akatamani kuibinua ile meza. Lakini yeye ni msichana ambaye hata muuza nyanya akimpunja, humshukuru. Tena mama yake kule Mlali alishawatangazia majirani kwamba binti amepata kazi mjini. Akaimeza hasira yake.

"Twende ukanionyeshe," Nasibu akasema akiinuka. "Ukimfanyisha mteja mmoja vizuri, kesho unaanza."

Mteja mwenyewe alikuwa Mwalimu Ester, mstaafu, mama mnene mwenye tabasamu la upole. Alikuwa amesimama kando ya mashine ya kukimbilia, mkono kauegemeza ukutani, fulana imelowa wakati hata hajaanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe kocha mpya? Unipeleke polepole leo, kichwa kinanigonga."

"Kimeanza lini?"

"Tangu niache vidonge vya presha." Alisema kama mtu anayesimulia kuacha sukari kwenye chai. "Bosi kasema vidonge vinauzuia mwili kupungua, na presha yote inatoka na jasho. Hamza alibisha, wakagombana papa hapa, kijana wa watu akafukuzwa."

Zuleha akageuka. Nasibu alikuwa bado anatabasamu, ila macho yake yalikuwa yameshaacha. Akamvuta pembeni.

"Sikiliza. Mpandishe kwenye mashine, mwambie 'Endelea, Mwalimu.' Basi. Kazi yako hiyo."

"Si umemsikia? Kichwa kinamgonga."

"Nani halalamiki akija kupiga tizi? Usimtie hofu mteja wangu. Usiniharibie, mtani."

Lile neno ndilo lililomaliza kila kitu.

"Usiniite hivyo!" Zuleha akapaza sauti. "Mtani wa babu yangu alimtukana babu jeneza likiwa mlangoni, halafu akashika jembe akamchimbia kaburi. Ndiyo maana alikuwa na haki ya kutukana. Wewe je? Huyu mama akianguka hapa, utamchimbia? Au utasema ni utani tu?"

Vijana waliokuwa wakinyanyua vyuma wakavishusha.

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Maisha yangu yote napunguza! Umeniomba ukweli nimekupa. Nimekuomba wako, umenipa nyonga zangu na mimba ambayo sina! Hamza alikwambia ukweli ukamfukuza, halafu unakaa pale mezani unajisifu unatafuta msema kweli!"

"Toka. Kazi hupati."

"Natoka. Ila sitoki mikono mitupu."

Kwao, mtani akikuta jogoo uani kwa mtani wake, humchukua akaenda naye. Mwenye jogoo haruhusiwi kukasirika. Atacheka, atamsindikiza kwa matusi, basi. Zuleha alilijua hilo, na Nasibu alilijua vilevile. Akachukua mkoba na kanga ya Mwalimu Ester vilivyotundikwa msumarini, akamshika yule mama mkono.

"Mwalimu, twende zahanati wakupime."

"Na mazoezi yangu?"

"Kutembea ni mazoezi."

Nasibu akawahi mlangoni, akatanua mikono. "Huwezi kutoka na mteja wangu!"

"Mtani amechukua," Zuleha akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya hasira tupu, wala hakuyafuta. "Mbona hucheki? Si utani? Cheka basi!"

Nasibu hakucheka. Aliyecheka ni kijana mmoja huko nyuma kwenye vyuma, kisha mwenzake, kisha jimu nzima. Mikono ya Nasibu ikashuka yenyewe, akasogea kando.

Nje jua lilikuwa kali, na juu ya mji milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu kama kawaida yake. Walitembea mpaka kona.

"Mwanangu," Mwalimu Ester akasema, "kazi umeikosa kwa ajili yangu."

"Nimeikosa." Hasira ya Zuleha haikuwa imepungua hata chembe. Akamshika mkono kwa nguvu zaidi. "Weka mguu taratibu, Mwalimu. Hapo pana jiwe."