Kijiti cha Kupimia Mafuta

Dada yangu alinipandisha kwenye ndege ya mumewe kwa maneno machache: "Wewe ndiye fundi wa ndege yake. Nenda naye, umtazame. Ukirudi ukaniambia hafai urubani, ndege tunaiuza." Kusema kweli, jibu nilikuwa nalo kabla hatujapaa.

Shemeji yangu ni mtu mzuri, ila anachosha. Dakika arobaini angani nilikuwa naitafuta reli ambayo kwenye ramani ilipaswa kuwa kushoto kwetu. Chini kulikuwa na vichaka, na baada ya vichaka, vichaka.

"Shemeji, reli iko wapi?"

"Itakuja."

"Reli haiji, shemeji. Sisi ndio tunaifuata."

"Tulia basi. Dira inasema tuko sawa."

Nikaitazama dira. Chini yake tu kulikuwa na kishikio kipya cha simu, kile cha sumaku. Alikibandika asubuhi ile ile, akakisifia njia nzima. Nikakibandua kwa hasira. Dira ikazunguka nyuzi thelathini nzima.

"Ala!" akasema.

"Ala nini? Unaweka sumaku kando ya dira! Hata mtoto wa darasa la tatu..." Nikamtupia kishikio mapajani.

Tukageuza. Nikamuuliza mafuta.

"Yamebaki ya saa nzima. Nilipima mwenyewe kwa kijiti, matangi yote mawili."

Hilo nilimpa. Wengine hutazama geji tu, na geji za ndege ndogo ni waongo wa kutupwa. Kijiti unakichovya tangini, unasoma alama pale ulipoishia umajimaji, basi.

Dakika ishirini baadaye tuliiona reli, na kando yake kiwanja kidogo cha changarawe. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Shemeji alishusha pua ya ndege, akaiacha iteleze hewani, akaitua taratibu kama anaweka yai mezani.

Tuliposimama, nikapandisha hasira. Saa nzima! Hii ndiyo saa nzima? Huyu mtu hajui hata kuhesabu mistari! Nikanyakua kijiti, nikapanda juu ya bawa nimwonyeshe kazi yake. Tangi lilikuwa kavu. Nikakigeuza kijiti, nikaona maandishi ya wino mzito: herufi za usajili za ndege yetu ya zamani, tuliyoiuza mwaka juzi. Matangi yake yalikuwa mapana zaidi, alama moja kule ilikuwa na lita nyingi kuliko huku.

Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikihamishia huku mwenyewe, nikiwa na haraka zangu, nikajiambia nitachonga kingine wiki ijayo.

Simu ya shemeji ikaita. Akasikiliza kidogo, kisha akaniinulia. "Anakutaka wewe."

"Mko wazima?" dada akauliza.

"Wazima."

"Haya, niambie. Anafaa au hafai?"

Shemeji alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, anakigeuzageuza kile kishikio cha sumaku, hanitazami. Kijiti hakuwa amekiona upande wa pili. Ningeweza kukivunja vipande viwili pale pale, nikakitupa vichakani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Dada," nikasema, "kabla ya rubani, tuanze na fundi."